Saidi stepu au roki slaida? Mwongozo kamili wa vyuma vya ubavuni kwa pikapu za Arusha na Moshi

Pikapu nyingi zinazozunguka Arusha zina vile vibomba vya kung'aa ubavuni, na ukimuuliza mwenye gari ni vya nini atakwambia vinalinda bodi. Havilindi kitu. Vile ni vya kukanyagia tu, na vikikutana na jiwe vinafanya kinyume kabisa, bomba linapinda kwenda juu, breketi inasukuma kizingiti cha mlango, mlango unaanza kugoma kufunga, yaani bora hata gari lingekuwa tupu jiwe likakwaruza chesisi likaishia hapo.

Kuna chuma kingine kinafanana nacho kwa mbali, roki slaida. Hicho ndo kimetengenezwa ili gari lilalie, likiteleza juu ya jiwe linapita kwa hicho chuma, na unaweza ukaweka jeki chini yake ukainua upande mzima bila bodi kuguswa. Kwaiyo kabla hujauliza bei ya chochote jiulize swali moja tu, hiki chuma kije kubeba mtu au kije kubeba gari? Ukishajibu hilo, mambo ya unene, rangi, wapi kinafungwa na nani akuchomee yanajipanga yenyewe.

Hatua ya 1: Njia unazopita kweli

Njia unazopita, sio unazoota. Mtu anakaa Njiro, kazini ni mjini, Jumamosi anaenda soko la Tengeru, Desemba anapanda Moshi kwa wazazi. Huyo roki slaida ni kubeba chuma bure. Anachohitaji ni stepu nzuri iliyokaa kimo kizuri, maana kazi yake ni watu. Fikiria bibi wa Kibosho Jumapili asubuhi, amevaa kitenge chake cha kanisani, goti linamsumbua, wewe umesimamisha Hilux unamwambia "bibi panda", anakuangalia tu. Kwa huyo bibi sentimita tano za kimo cha stepu zina maana kuliko unene wa bomba. Kipimo kizuri ni stepu ikae karibu na nusu ya kimo cha sakafu ya gari au juu kidogo ya nusu, na iwe na sehemu bapa ya kukanyaga yenye meno au raba, sio bomba la duara lililopigwa polishi. Bomba la duara likiloa ni hatari, hasa kwa kandambili.

Sasa kama unaishi Uru, Kibosho juu au Machame, au una shamba huko, ishu inabadilika kipindi cha masika. Ule udongo unateleza, gari linakwenda ubavu ubavu mpaka linaegemea kingo, na kwenye kingo kuna jiwe au kisiki cha mgrevilea kinasubiri mlango wako. Hapo pigo linatoka pembeni, sio chini. Slaida iliyotokeza nje kidogo kupita bodi ndo inakuokoa.

Njia ya Mto wa Mbu, Selela, Engaruka mpaka Engare Sero ni habari nyingine, mawe na makorongo. Mvua ikipita kingo za korongo zinabaki zimekatika kama ngazi, gari linashusha pua, linapandisha pua, katikati tumbo linagusa. Huko slaida sio urembo. Longido kuingia Ketumbeine vilevile.

Simanjiro ukitoka barabara kubwa unakutana na udongo wa mbuga, ule mweusi, mvua ikinyesha hamna jiwe la kukupiga ila kuna matope ya kukumeza. Hapo faida ya slaida ni jeki. Gari likishazama mpaka ekseli, sehemu za jeki za kiwandani hazifikiki kirahisi, lakini slaida iko ubavuni unaiona, unaweka ubao mpana chini, jeki juu yake, unainua tairi unajaza mawe na matawi.

Hatua ya 2: Pima gari lako

Chukua tepu, paki sehemu tambarare, gari liwe na mzigo wako wa kawaida. Pima kutoka ardhini mpaka chini ya chesisi katikati ya magurudumu, andika. Pima mpaka chini ya kizingiti cha mlango, andika. Pima na kimo cha sakafu pale mguu unapoingia.

Kwanini usumbuke? Kwasababu pikapu ni ndefu. Hilux dabo kebini, toleo la Vigo na la Revo zote, kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka la nyuma ni mm 3,085, na urefu huo ndo unafanya tumbo liguse haraka. Tuseme chini ya chesisi una sm 38, ukipiga hesabu gari linaweza kuvuka tuta lenye pembe ya digrii kama 28 bila kugusa katikati. Funga stepu inayoning'inia mpaka sm 30, pembe inashuka mpaka digrii 22 hivi. Umelipia lifti, yaani kupandisha gari kwa springi ndefu, na matairi makubwa ili upate sentimita, alafu umezirudisha zote kwa stepu ya urembo. Nimeona gari limepandishwa vizuri kabisa na stepu zinaburuza chini utadhani sketi ya shule.

Slaida nzuri hata ikitazamwa kwa mbali unaijua, chini yake haishuki kupita chesisi, au inashuka kidogo sana, imekaa imejificha usawa wa kizingiti.

Hatua ya 3: Lala chini uone inafungwa wapi

Hii ndo hatua inayotenganisha vyuma viwili, na ni bure. Tandika gunia, lala, mulika tochi.

Pikapu zetu karibu zote, Hilux, Ranger, D-Max, L200, Navara, Landkruza, zina chesisi ya peke yake na kebini imekaa juu yake kwenye raba. Stepu nyingi za kiwandani na za dukani zinafungwa kwenye bodi, kwenye matundu ya chini ya kizingiti, kwa bolti ndogo. Bati la pale ni jembamba. Linaweza kubeba mtu mzima akipanda, haliwezi kubeba gari. Roki slaida inafungwa kwenye chesisi, kwa mikono mitatu au minne kila upande, na haigusi bodi popote.

Kwaiyo muuzaji akikwambia "hii ni roki slaida bosi" wewe usibishane, inama uangalie mikono yake inaelekea wapi. Ikiishia kwenye bati la kebini hiyo ni stepu yenye jina kubwa.

Na kwasababu kebini inacheza kwenye raba zake, lazima kuwe na nafasi kati ya slaida na kizingiti, mimi napenda mm 15 mpaka 20. Ukibananisha, kwenye zile barabara za mawimbi mawimbi kama ukitoka Ngorongoro kwenda Naabi utasikia chuma kinagonga bodi safari nzima, na rangi inaliwa pale pale mpaka kutu inaanza. Nafasi ikizidi sana nayo ni shida, jiwe linapata pa kuingia.

Hatua ya 4: Unene, na ujanja wa mizani

Watu wanaangalia upana wa bomba, wanaona nene wanasema hili ndo imara. Bomba la inchi tatu la stepu, lile la milimita 76, mara nyingi ukuta wake, yaani unene wa chuma chenyewe, ni mm 1.5 hivi, na mita moja inakuja kilo kama 2.8. Bomba la inchi moja na nusu klasi C, lile lenye kipenyo cha nje mm 48, ukuta wake ni mm 4 na mita moja ni kilo kama 4.4. Yaani lile jembamba kwa macho ndo zito. Kwa stepu hamna shida, mm 1.5 mpaka 2 inatosha kubeba mtu. Kwa slaida ukuta chini ya mm 3 usikubali.

Mpangilio ninaoupenda kwa gari la hapa kwetu ni huu: bomba la ndani, lile linalokaa chini ya kizingiti, liwe skwea paipu ya 50 kwa 50 ukuta mm 4, na la nje liwe la duara mm 48, klasi B ya mm 3.2 kama njia zako ni za kati, klasi C kama unaishi Engaruka. Mikono iwe skwea hiyohiyo. Pleti za kwenye chesisi mm 6 au 8. Juu kati ya bomba mbili unaweza kuchomea bati la matundu la kukanyagia, hapo umepata stepu na slaida kwa pamoja, na bibi anapanda vilevile. Matundu yawe makubwa, matope ya mbuga lazima yapate pa kudondokea.

Uzito ukijumlisha unafika kilo 30 mpaka 35 kwa upande, jozi 60 na kitu. Huo ni mtu mzima mmoja anakaa kwenye gari mda wote, kwaiyo kama unabeba mzigo mpaka mwisho wa uwezo wa gari uutoe kwenye hesabu. Na mtu akikuletea jozi ya "roki slaida" ambayo unaibeba peke yako kwa mkono mmoja ukipiga simu, jibu unalo.

Ukuta unaupimaje kama bomba limeshazibwa ncha? Omba kuona kipande kilichobaki, fundi aliyechonga anacho pale chini. Kama ni ya dukani uliza uzito wa kwenye boksi, alafu piga hesabu kwa urefu. Zile za kutoka nje zenye jina, mfano ARB wa Australia, maelezo yake yameandikwa wazi, tatizo ni hela na mda wa kusubiri.

Kuhusu stainlesi na alumini, fupi tu. Stainlesi ni nzuri kwa stepu ya mjini, kwa slaida ni gharama isiyo na sababu. Alumini ni nyepesi, haina kutu nyekundu, ila magadi yanaila, kwaiyo mtu wa kwenda Ziwa Natron mara kwa mara aachane nayo. Stepu za umeme zinazojikunja zenyewe, kwa vumbi letu, mimi siwezi kumshauri mtu.

Hatua ya 5: Kuchongesha kwa fundi

Wengi wetu tutaishia hapa, na sio vibaya, mafundi wa Unga Limited na wa Moshi mjini wanachonga vizuri ukiwaambia unachotaka. Tatizo ukimwambia fundi "nichongee slaida kama za yule" atakuchongea zinazofanana na za yule kwa sura. Mwambie kwa vipimo. Mabomba yanauzwa kwa urefu wa mita 6, kwaiyo nenda naye dukani, nunua mwenyewe, upime ukuta kwa kalipa (kile kipimo cha kubana cha milimita) kabla hayajakatwa.

Mazungumzo yanakuwa hivi. "Fundi, mikono minne kila upande, na mmoja uwe karibu na kila ncha, nisije nikaweka jeki mwishoni chuma kikapinda." Atasema mitatu inatosha. Kwa singo kebini sawa, kwa dabo kebini shikilia minne, kile chuma ni kirefu. "Bomba la nje lipande kidogo, digrii 10 mpaka 15." Ikiinuliwa hivo gari likiegemea jiwe linateleza kwenda nje na mlango unabaki salama, ikikaa tambarare kabisa inakuwa stepu nzuri zaidi ila ulinzi wa pembeni unapungua. Chagua kutokana na hatua ya 1. "Ncha ya nyuma itokeze nje kidogo kama mkia." Hiyo ya mwisho inasaidia ukikata kona kwenye mti, inasukuma tako la gari mbali na mti kabla boksi la nyuma halijafika.

Kabla hajachomelea moja kwa moja, apige pointi tu, yaani ashikize kwa vidoa vidogo, alafu wewe fungua milango yote, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto uone tairi la mbele halifiki, angalia ekzosi inapita wapi, angalia mabomba ya breki na ya mafuta ambayo mara nyingi yanapita upande wa ndani wa chesisi. Na namba ya chesisi isifunikwe wala kupigwa grenda, siku ya kuuza au kukaguliwa utaeleza nini?

Rodi ya kuchomea nayo uliza, zinajulikana kwa namba. 6013 ndo ya kila siku, ni rahisi kuchomea na kwa bomba jembamba iko poa. Kwa mikono na pleti zinazobeba gari ningependa 7018, ila iwe kavu, rodi ya 7018 iliyolala wazi kwenye unyevu ni kazi bure. Fundi mwenye mashine ya MIG, ile inayochomea kwa waya badala ya rodi, na anayeijua, mwache afanye kwa hiyo. Bomba la mabati, lile la maji, kwanza liondolewe zinki kwa grenda sehemu za kuchomea, ule moshi mweupe ni sumu kwa mapafu ya fundi wako na wewe uliyesimama unamwangalia.

Hatua ya 6: Bolti au kuchomea kwenye chesisi?

Mimi niko upande wa bolti, na sababu ni kwamba slaida ni kitu cha kuumia. Ikipinda uifungue uirekebishe au uibadilishe, ukiuza gari ubaki nayo. Kufunga kunafanyika kwa pleti mbili zinazokumbatia chesisi kama sendwichi, au kwa matundu yaliyopo tayari. Kama lazima kutoboa, toboa ubavu wa chesisi karibu na katikati, usitoboe juu wala chini kabisa, kwasababu huko ndo nguvu za kupinda zinapopita. Chesisi ikiwa ya boksi na bolti inapita upande mpaka upande, lazima ndani kuwe na kibomba cha kuzuia, la sivyo ukikaza unaiminya. Bolti ziwe M12 (unene mm 12), kichwani ziandikwe 8.8 au 10.9, hizo ni namba za uimara, na nati za kujifunga. Bolti isiyo na namba kichwani iache dukani. M12 ya 8.8 inakazwa karibu Nm 80 kwa spana ya kupima nguvu ya kukaza.

Ukiamua kuchomea, sawa, wengi wanafanya na inashika. Ila toa waya wa negativu wa betri kwanza, klampu ya ethi ya mashine ya kuchomea iwekwe karibu na pale panapochomwa, sio mbele kwenye injini huko, pleti zichongwe kona za mviringo, na usiruhusu mshono wa kukata chesisi wima kutoka juu mpaka chini, pale ndo ufa unapoanzia. Rangi iliyoungua ndani na nje irudishiwe siku hiyohiyo.

Bima kubwa kama unayo, mwambie wakala wako kwamba umeongeza chuma, ni simu moja.

Hatua ya 7: Rangi

Usihangaike na rangi ya kung'aa. Slaida itakwaruzwa, ndo kazi yake. Rangi ya poda ya oveni inapendeza ila ikishakatika kutu inatembea chini yake huoni mpaka inabanduka kipande kizima. Paka redoksaidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mara mbili na nyeusi juu, unarudia mwenyewe nyumbani kwa brashi kila baada ya masika. Ncha za bomba zizibwe kabisa kwa kuchomelewa au ziwe na tundu chini la kutolea maji, hii ya katikati ya kuziba kwa plastiki inayovuja inafuga maji ndani.

Ukitoka Natron osha siku hiyohiyo, hasa juu ya mikono na kile kinafasi cha kizingiti, vumbi la chumvi na magadi likikutana na umande linaanza kazi usiku uleule.

Hatua ya 8: Mtihani wa jeki, kabla hujamaliza kulipa

Bakiza hela ya mwisho mpaka hapa. Sehemu ngumu tambarare, gari liwe kwenye gia, handbreki juu, kabari kwenye tairi za upande wa pili. Weka jeki la troli chini ya slaida karibu na mkono wa mbele, na ubao katikati, inua mpaka tairi liache ardhi. Sasa angalia vitu vitatu. Nafasi kati ya slaida na kizingiti imebaki ileile au imeliwa? Mlango wa upande huo unafunguka na kufunga kawaida? Pleti za kwenye chesisi zimekaa palepale, hakuna mshono uliochanika rangi? Rudia kwenye mkono wa nyuma, alafu katikati. Slaida inayoogopa jeki gereji itaogopa jiwe zaidi. Usimruhusu mtu yeyote aingie chini gari likiwa juu ya jeki peke yake, ukitaka kuona chini weka stendi.

Kwa stepu ya kawaida mtihani ni mdogo, panda na mguu mmoja mwishoni kabisa ujirushe kidogo, mwenzio ashike breketi aone kama bati la bodi linapumua. Likipumua rudisha, itapasuka. Na jeki usiweke kabisa kwenye stepu, hata ikiwa ndo kitu pekee unachokiona kwenye matope.

Kama unatumia lile jeki refu la hailifti, omba fundi achomee kijino kidogo au kikombe chini ya slaida kila upande, jeki lisiteleze kwenye bomba la duara lililopakwa matope, na mkono wa jeki ukiwa unashusha usiweke kidevu juu yake. Baada ya kilomita 300 au 500 za vumbi rudi chini na spana ukaze bolti zote upya, alafu piga alama ya rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye pleti, siku nyingine unamulika tochi tu, mstari ukiwa umekatika unajua ipi imelegea.